Kompyuta Kuukuu Inapobadili Majina na Tarakimu: Namna ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu ya Memori

Na Mwandishi Wetu – Mishamo, Katavi

Kompyuta iliyokufa kabisa haina madhara makubwa kwa mwananchi. Haiwaki, haichapi, na kila aliye ofisini anajua kwamba si ya kutegemewa. Yenye madhara ni ile inayowaka vizuri, ikafungua orodha ya majina, ikaichapa kwenye karatasi, na kumbe katika safari hiyo fupi kutoka kwenye diski hadi kwenye karatasi mwaka 1972 umegeuka kuwa 1932, na alama 75 za mwanafunzi zimekuwa 31.

Tarakimu hizo hazikubuniwa kwa ajili ya kutisha. Ndivyo hasa inavyotokea pale chipu moja ya memori inaposhindwa kushika biti moja kati ya nane zinazounda herufi. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hiyo katika kompyuta binafsi za zamani, jinsi ya kuitambua, jinsi ya kuirekebisha, na wakati gani ni busara kuacha.

Mishamo ni mahali panapofaa kulielezea jambo hili. Makazi haya, yaliyoko katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kufuatia machafuko ya mwaka 1972. Pamoja na Katumba na Ulyankulu, ni miongoni mwa makazi matatu ambayo wakazi wake walipewa fursa ya kuchagua kurejea kwao au kuomba uraia. Kufikia mwaka 2010 takriban watu 162,000 wa kundi hilo walikuwa wamekubaliwa uraia wa Tanzania kwa tajnisi, na utoaji wa vyeti ukaanza mwaka 2014. Kwa familia ambayo historia yake imepita katika orodha nyingi namna hiyo, mwaka wa kuingia nchini na tahajia ya jina la baba si mambo madogo. Herufi moja ikibadilika, mtu anaweza kutakiwa athibitishe upya kwamba yeye ndiye yeye.

Kwa nini kompyuta za zamani bado zipo

Tanzania iliingia katika matumizi ya kompyuta mapema. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Hata hivyo, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu, na masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Kampuni ya IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi huko Marekani mwezi Agosti 1981, mashine hiyo iliyobadili ofisi za dunia ilichelewa kuonekana kwenye meza za watumishi wetu. Nyingi ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, nyingine zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya na kuletwa kama misaada. Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ilipotoka mwaka 2003, baadhi ya mashine hizo tayari zilikuwa zimepumzishwa stoo.

Tuseme wazi kwamba kompyuta ya aina hiyo haipaswi kutumika leo kutoa huduma kwa mwananchi. Kazi hiyo ni ya mifumo inayosimamiwa kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Zimebaki sababu mbili za kuifufua. Ya kwanza ni kumbukumbu: diski laini za inchi tano na robo zinaweza kuwa na orodha, hesabu au barua ambazo hazipo mahali pengine, na mara nyingi mashine ya zama zile zile ndiyo njia nyepesi ya kuzisoma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazihesabu kumbukumbu za namna hiyo sawa na jalada la karatasi. Ya pili ni mafunzo. Katika kompyuta ya sasa memori imefichwa ndani ya vipande vidogo ambavyo fundi huvibadilisha bila kuviona kwa undani. Katika kompyuta ya mwaka 1981 kila biti ina chipu yake, na kijana anayejifunza umeme anaweza kuigusa kwa kidole.

Jinsi chipu inavyokumbuka, na inavyosahau

Memori tunayoizungumzia ni ile ya kazi ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika. Ndani ya chipu kuna vyumba vingi sana, na kila chumba kina transista moja na kapasita moja ndogo mno. Kapasita ikiwa na chaji, chumba kinasomeka kuwa na moja. Ikiwa tupu, kinasomeka sifuri. Ubunifu huo ni wa Robert Dennard wa IBM, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1968.

Tatizo la kapasita hiyo ni kwamba inavuja, mithili ya ndoo yenye tundu. Kwa sababu hiyo kompyuta hulazimika kuipitia memori yake yote na kuijaza upya kila baada ya muda mfupi. Kwa chipu iliyojulikana kwa namba 4116, iliyokuwa na vyumba 16,384, mzunguko mzima wa kujaza ulitakiwa ukamilike ndani ya milisekunde mbili. Chipu ikizeeka, baadhi ya vyumba huanza kuvuja haraka kuliko mzunguko unavyoweza kuvifikia. Joto huongeza uvujaji huo. Hivyo si ajabu mashine ikafanya kazi vizuri asubuhi, kisha ikaharibika saa nane mchana chini ya paa la bati. Fundi anayeijaribu asubuhi tu atairudisha kwa mwenyewe akiamini kwamba imepona.

Sasa tuirudie orodha yetu. Kompyuta huandika kila herufi na kila tarakimu kwa biti nane, zinazohesabiwa kuanzia biti namba 0 hadi biti namba 7. Biti namba 2 ina thamani ya nne. Tarakimu 7 huhifadhiwa kama 55, na ndani ya 55 biti hiyo imewashwa. Ikiwa chipu inayoshika biti namba 2 imekwama kwenye sifuri, 55 inapungua nne na kuwa 51, ambayo ni tarakimu 3. Kwa njia hiyo hiyo 4 inakuwa 0, 5 inakuwa 1 na 6 inakuwa 2. Tarakimu 0, 1, 2, 3, 8 na 9 haziguswi kabisa, kwa kuwa biti hiyo haimo ndani yake. Ndipo 1972 inaposomeka 1932, na 75 inaposomeka 31.

Upande wa herufi uharibifu huonekana upesi zaidi. Neno “Mishamo” likipita katika chipu hiyo hutoka “Iishaik”. Msomaji yeyote atashtuka. Lakini 1932 haimshtui mtu. Ni mwaka halali, na mzee wa kuzaliwa mwaka huo anaweza kuwepo. Zaidi ya hapo, ikiwa kilichoharibika si chipu nzima bali chumba kimoja tu, itabadilika tarakimu moja katika ukurasa mzima, na maneno mengine yote yatakuwa safi.

Wabunifu wa IBM walilijua hilo. Kwa kila biti nane waliongeza ya tisa, ya ukaguzi. Kompyuta inapoandika, huhesabu kama idadi ya moja ni shufwa au witiri na kuweka jibu katika biti hiyo. Inaposoma, huhesabu tena. Majibu yakitofautiana, mashine husimama papo hapo na kuandika kwenye kioo PARITY CHECK 1 ikiwa kosa liko kwenye ubao mama, au PARITY CHECK 2 ikiwa liko kwenye kadi ya nyongeza. Watumiaji wengi waliuchukia ujumbe huo kwa sababu uliwapotezea kazi waliyokuwa hawajaihifadhi. Kwa maoni yetu ulikuwa uungwana: mashine ilikubali kunyamaza kuliko kudanganya. Ulinzi huo nao una mpaka wake, kwani biti mbili zikikosea kwa pamoja katika baiti moja hesabu hurudi sawa na kosa hupita. Baadaye watengenezaji wengi wa kompyuta za bei nafuu waliiondoa biti ya tisa ili kupunguza gharama, na mashine zao huendelea na kazi bila kusema lolote.

Kabla ya kulaumu memori

Siyo kila usahaulifu unatokana na memori. Kompyuta inayopoteza tarehe na saa kila inapozimwa ina betri iliyokwisha kwenye ubao mama. Betri hizo zichunguzwe mapema, maana zile za nikeli na kadimiamu zilizotumika kwenye mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 huvuja, na maji yake hula njia za shaba za ubao. Ukiona ukungu wa kijani au wa kibuluu karibu na betri, itoe, pangusa sehemu hiyo kwa siki kidogo, kwa kuwa maji hayo ni ya alikali, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa au spiriti na uache pakauke kabisa. Vilevile, faili moja inayogoma kufunguka wakati nyingine zote zinafunguka ina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo la diski. Memori mbovu haichagui faili. Dalili yake ni makosa yanayohama: leo programu hii, kesho ile, mara kioo kinaganda, mara herufi za ajabu zinaibuka katikati ya sentensi.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Mji wa Mpanda ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na vijiji vingi vya mkoa vimezoea jenereta ndogo au sola yenye kigeuza umeme. Umeme unaopanda na kushuka huzaa dalili zinazofanana kabisa na za memori mbovu. Hivyo multimita itangulie bisibisi. Kwenye chipu ya 4164, yenye uwezo mara nne ya 4116, volti hupimwa kati ya mguu namba 8 na mguu namba 16, na kipimo kiwe kati ya volti 4.75 na 5.25. Chipu ya 4116 inadai zaidi: volti 12 kwenye mguu namba 8, volti 5 kwenye mguu namba 9, na volti 5 hasi kwenye mguu namba 1. Ikikosa hiyo hasi huku nyingine zikiendelea kuingia, chipu huungua. Fundi akibadilisha chipu bila kuupima mguu namba 1 ataunguza na mpya pia.

Kipimo kifanyike kwenye ubao mama pekee. Kasha la kuingizia umeme lisifunguliwe na asiyesomea kazi hiyo, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji hata waya ukichomolewa. Kioo cha zamani chenye tyubu kina hatari kubwa zaidi, kwani ndani yake kuna maelfu ya volti. Ikiwa mashine haiwaki kabisa na feni ya kasha la umeme inashtuka kidogo kisha kusimama, yawezekana moja ya kapasita ndogo za tantalamu kwenye ubao imepiga shoti. Hilo ni jambo la kawaida katika IBM za kwanza, nalo halihusiani na memori.

Kinga ya tatu ni ya diski. Memori ikiwa mbovu, kila kinachohifadhiwa kwenye diski kinaweza kuhifadhiwa kikiwa kimekwisha kuharibika. Kabla ya kuingiza diski yoyote yenye kumbukumbu, izuie isiandikwe. Diski ya inchi tano na robo huzuiwa kwa kuziba pengo lililoko ubavuni kwa kipande cha utepe usiopitisha mwanga. Ile ya inchi tatu na nusu huzuiwa kwa kusogeza kitufe chake hadi kitundu kibaki wazi. Na afadhali diski hizo zisiingizwe kabisa mpaka mashine ithibitike kuwa nzima.

Kusafisha na kukandamiza

Hatua ya kwanza ya matengenezo haihitaji spea. Chipu nyingi za memori za wakati ule zilikaa kwenye soketi. Kila mashine inapopata joto na kupoa, chuma hutanuka na kusinyaa, na chipu hupanda juu kidogo kidogo bila mtu kuona. Miguu nayo hupata kutu nyembamba. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi, kisha unyevu wa masika, na mguso hupotea.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi ili uondoe umeme tuli mwilini, kisha kandamiza kila chipu polepole kwa kidole gumba huku ukiushikilia ubao kwa chini usipinde. Mara nyingi mlio mdogo wa “tik” husikika chipu inaporudi mahali pake. Ikiwa hitilafu inaendelea, chipu hung’olewa moja moja kwa kuinuliwa pande zote mbili kwa zamu; ukiinua upande mmoja tu, miguu ya upande wa pili itapinda. Miguu hupanguswa kwa spiriti, na kadi za nyongeza husuguliwa kwenye meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, kisha unga wake ukapulizwa mbali na ubao. Kabla ya kung’oa, tia alama upande wenye kipengele cha nusu duara. Chipu ikirudishwa kinyume na kuwashiwa umeme hufa mara moja.

Kazi hii peke yake huponya mashine nyingi, na tunashauri isirukwe hata pale fundi anapoamini amekwisha kuijua chipu iliyoharibika.

Kusoma namba kwenye kioo

Hitilafu ikibaki, mashine yenyewe husaidia. IBM ya mwaka 1981 kila inapowashwa hujikagua, na ikikuta tatizo la memori huandika namba 201, ikitanguliwa na namba nyingine nne. Watumiaji wengi waliishia kuiona 201 na kuita fundi. Siri iko katika zile nne.

Tuchukue ubao mama wa aina ya pili, wenye memori ya kilobaiti 64 hadi 256. Una safu nne zinazohesabiwa kuanzia safu namba 0 hadi safu namba 3, na kila safu ina chipu tisa: nane za data na moja ya ukaguzi. Kioo kikiandika 1004 201, namba mbili za mwanzo, 10, zinaonyesha safu. Zinazoanza na 0 ni safu namba 0, zinazoanza na 1 ni safu namba 1, na kuendelea hadi 3. Namba mbili zinazofuata, 04, zinaonyesha biti. Hapa 01 ni biti namba 0, 02 ni biti namba 1, 04 ni biti namba 2, 08 ni biti namba 3, kisha 10, 20, 40 na 80 kwa biti namba 4 hadi 7. Ikiandikwa 00, inayoshukiwa ni chipu ya ukaguzi. Kwa hiyo 1004 201 inasema: safu namba 1, biti namba 2. Ni biti ile ile iliyogeuza 1972 kuwa 1932, na kati ya chipu 36 sasa tunaijua moja.

Mahali ilipo chipu hiyo kwenye ubao huonekana katika kitabu cha ufundi ambacho IBM yenyewe ilikichapisha, chenye michoro yote ya saketi na hata orodha ya maagizo ya programu ya kuwashia. Ni kompyuta chache za leo zinazouzwa kwa uwazi wa namna hiyo.

Usibadilishe chipu hiyo mara moja. Ibadilishane nafasi kwanza na jirani yake wa safu ile ile, kisha washa tena. Namba ya kosa ikihama, tuseme ikawa 1008, chipu ndiyo mbovu kwa kuwa imekwenda na ugonjwa wake. Namba ikibaki 1004, chipu ni nzima na ubovu uko kwenye soketi au njia ya shaba chini yake. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linamwepusha mtu kununua chipu asiyoihitaji.

Chipu ya kuweka mahali pa mbovu lazima iwe ya namba ile ile. Namba fupi baada ya kistari, kama 15 au 20, inaeleza kasi yake, yaani nanosekunde 150 au 200; iliyo sawa au ndogo zaidi inafaa. Kosa la kuepukwa kwa gharama yoyote ni kuweka 4164 kwenye soketi ya 4116 kwa sababu zote zina miguu 16. Mguu namba 8 wa soketi hiyo una volti 12, na 4164 imetengenezwa kwa volti 5. Chanzo cha kawaida cha spea ni ubao wa mashine nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti, kama vile kasha la umeme lililoungua.

Safu namba 0

Katika IBM hiyo safu namba 0 haina soketi. Chipu zake zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Vilevile ndiyo memori ambayo programu ya kuwashia inaihitaji kwa ajili ya kazi yake yenyewe. Ikiharibika mwanzoni mwake, mashine inaweza kukaa kimya bila namba wala ujumbe. Hapo mafundi hutumia mbinu ya kubebesha: chipu nzima ya namba ile ile huwekwa juu ya inayoshukiwa, mguu juu ya mguu, umeme ukiwa umezimwa, kisha mashine huwashwa. Ikiamka, mbovu imepatikana. Isipoamka, jibu halijulikani bado, kwa kuwa chipu iliyopiga shoti ndani huivuta chini hata iliyo nzima juu yake. Mbinu hii hutumika kutambua tu. Si tiba ya kudumu.

Kuitoa chipu iliyolehemiwa kunahitaji mkono uliozoea. Njia salama kwa ubao ni kuitoa mhanga chipu yenyewe: miguu yote 16 hukatwa kwa koleo ndogo karibu na mwili, kisha kila kipande huyeyushiwa risasi na kutolewa peke yake. Anayejaribu kuing’oa nzima kwa nguvu huondoka na vipande vya njia za shaba, na kutengeneza njia hizo ni kazi kubwa kuliko ile ya awali. Mahali pake palehemiwe soketi, ili anayekuja baadaye asirudie adha hiyo.

Mashine za miaka ya 1990

Kompyuta zilizofuata zilikusanya chipu kwenye vipande virefu vinavyochomekwa. Vile vya miguu 30 huwekwa vinne vinne katika mashine nyingi za 486, na vile vya miguu 72 huwekwa viwili viwili katika mashine za Pentium, kwa hiyo kuondoa kimoja tu kunaweza kuifanya mashine isiwake kabisa na kumpotosha fundi. Mashine hizo huzungumza kwa mlio. Mlio mrefu unaojirudia, au milio mitatu mifupi, kwa kawaida humaanisha memori, ingawa lugha ya milio hutofautiana kwa mtengenezaji. Kwa mashine zinazowaka lakini zinashukiwa, ipo programu ya bure ya Memtest86, ambayo huanzishwa kutoka kwenye diski bila kupitia mfumo mwingine wowote, ikaandika mifumo ya moja na sifuri katika memori yote na kuisoma tena.

Duru moja isiyo na kosa haitoshi. Programu iachwe izunguke usiku kucha, na kwa mazingira ya Katavi iendelee pia katika saa za joto la mchana, huku kasha likiwa limefungwa kama litakavyokuwa kazini. Kosa moja tu katika duru mia bado ni kosa.

Baada ya hapo andaa orodha ya majaribio yenye tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9 na herufi zote, kubwa na ndogo. Ihifadhi kwenye diski tupu, izime mashine, iwashe, ichape orodha, na watu wawili waisome kwa kupokezana, mmoja akishika nakala iliyoandikwa kwa mkono. Hiyo ikipita ndipo diski za kumbukumbu ziingizwe, zikiwa zimezuiwa kuandikwa, na zinakiliwe mara mbili kwa nyakati tofauti ili nakala zilinganishwe. Popote nakala mbili zinapotofautiana, rejea iwe jalada la karatasi. Mwananchi ambaye jina au mwaka wake unatofautiana kati ya chapisho la zamani la kompyuta na hati yake ya karatasi ana haki ya kuomba jalada hilo lisomwe kabla ya yeye kutakiwa kuleta uthibitisho mpya.

Ikiwa kompyuta ni mali ya umma, isifunguliwe, isinyofolewe spea wala kutupwa kabla ya Afisa TEHAMA wa halmashauri kuarifiwa na utaratibu wa kufuta mali kufuatwa, hata kama imekaa stoo miaka 20. Chipu zilizotolewa, betri zilizovuja na mabaki ya risasi ya kulehemu visichanganywe na taka za nyumbani wala kuchomwa. Viwekwe kwenye chombo chenye kifuniko na kukabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021 za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Aliyeshika risasi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.